Baba Yumo Kwenye Picha

Kwa Mama yangu, nyumbani Meru.

Assalaam aleikum, Mama. Kwanza goti. Shabani aliniambia limeanza kukubali tena kukupeleka sokoni na kukurudisha, lakini huyo kaka yangu hata mtu akiwa hoi kitandani atakuambia anaendelea vizuri, kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Na Nyanya, kifua chake kinaendeleaje na baridi hii ya Julai? Mfunikeni vizuri, mumpe supu ya mifupa hata akikataa, maana najua atakataa kwanza ndipo amalize bakuli lote.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Huku Kanada sasa ni kiangazi, jua linachelewa kuzama mpaka mtu anasahau kula chakula cha jioni, lakini mimi jua naliona kidogo tu. Kiwandani tunashinda kwenye baridi ya kuhifadhia nyama, sweta juu ya sweta, na saa ya mapumziko ikifika natoka nje nasimama ukutani kama mjusi. Vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi kila ninapoamka. Navikanda kwa maji ya moto, vinarudi. Msimamizi alinitoa kwenye kufunga maboksi akaniweka kwenye kukata mabega ya ng'ombe, na kazi hiyo naiweza, kwa sababu unajua niliianzia wapi.

Barua hii anakuletea Mama Twaha, yule mwenzangu wa Nanyuki, anayesafiri kesho kuja likizo. Nimemwomba apitie Meru kwanza, akufikie kabla ya Jumamosi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikata maneno kabla sijafika katikati, halafu unasema mtandao ni mbaya. Mtandao si mbaya, Mama. Leo nisome mpaka mwisho, kisha ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa umejua yote.

Ni habari ya picha ya Rehema.

Mipango yenu naijua, kwa sababu ulinieleza kwa sauti yako mwenyewe. Watu wa Embu, wazazi wa Idrisa, wanakuja Jumamosi kumposa mdogo wangu. Wanawake wa kwao wakaomba kwanza picha ya bibi harusi, wamwonyeshe nyanya yao asiyeweza kusafiri. Hilo halina ubaya. Ukamwambia Shabani ampige Rehema picha nzuri, na picha nzuri pale kwetu hupigwa buchani, maana nyumba ni giza na bucha ndiyo yenye vigae vyeupe na dirisha kubwa la jua la asubuhi. Hilo nalo halina ubaya. Ila ukasema nyama isionekane. Shabani, fundi wa kila kitu kisichomhusu, akakuambia usijali, simu siku hizi ina potreti, inamwacha mtu mbele akiwa wazi na vyote vilivyo nyuma yake inavigeuza ukungu. Mkaipiga, ikapita kwa Mjomba Ramadhani, ikaenda Embu. Mimi nikatumiwa baadaye kama mgeni.

Sitakudanganya, nilipoiona niliifurahia. Rehema amependeza. Ule mtandio wa rangi ya zambarau unamkubali kuliko unavyonikubali mimi, na nyuma yake ni weupe laini kama mtu aliyepigwa picha ndani ya wingu. Halafu nikaangalia vizuri nikacheka peke yangu, maana simu ilikosea. Ilikula ncha ya mtandio begani ikaiyeyusha pamoja na ukuta, kisha kulabu moja ya kutundikia nyama ikaiacha wazi kabisa kando ya sikio, ikidhani ni hereni. Mmemficha ng'ombe mzima, Mama, kulabu ikawashinda. Sijui kama wa Embu waliiona.

Ningeishia kucheka, lakini Ijumaa iliyopita baada ya swala nilimpigia Baba kumjulia hali. Tukazungumza ya kawaida, mvua, bei ya ng'ombe, yule mteja wake anayetaka nyama ya paja kila siku na kulalamika kila siku. Kisha akageuza mazungumzo. Akaniuliza, "Halima, ile picha wamekutumia? Na mimi nimetokaje?"

Sikuelewa. Akanieleza. Alimwona Shabani akimpanga Rehema dirishani, akauliza ni picha ya nini, akaambiwa ni ya wakwe. Akaingia ndani akavua koti lake jeupe la kazi, akaoga, akavaa kanzu ya Idi na ile kofia ya kushonwa aliyoletewa na Shangazi. Akarudi akasimama nyuma ya mwanawe, mkono mmoja juu ya meza, akatulia hivyo mpaka Shabani aliposema tayari. Alitaka kujua kama kofia ilikaa sawa. Alisema alihisi imeenda upande lakini akaogopa kuinua mkono asiharibu.

Nikamwambia, "Umetoka vizuri sana, Baba." Nilimwambia hivyo nikiwa sijamwona.

Nilipokata simu niliikuza ile picha mpaka ikaanza kupasuka vipande vipande. Nyuma ya bega la Rehema kuna doa jeupe refu. Nilidhani ni friji. Nikampigia Shabani, nikambana, akasema ukweli kwa sababu ananiogopa. Alimwona Baba. Akaona haya kumwambia asogee, na kwa vile alijua simu itamfuta, akaona heri amwache asimame. Yaani mzee wa watu kaoga, kavaa, kajipanga, na mwanawe anamtazama kwenye kioo cha simu anavyoyeyuka, halafu anamwambia tayari.

Sasa nikueleze jambo moja ambalo Shabani halijui pamoja na ufundi wake wote. Simu ile aliyopigia nilimnunulia Rehema mimi, nikaifungulia mwenyewe, na picha zake zinajihifadhi hata kwangu. Na simu za aina hiyo hazifuti kitu. Zinapiga picha nzima kama ilivyo, kisha zinatandika ukungu juu yake, na mwenye picha akitaka anaweza kuuondoa. Kuna mstari chini, unauburuza kwa kidole. Nikauburuza. Vigae vikarudi, vikaja vikaonyesha hata mistari yake. Ikarudi mizani. Yakarudi mapaja mawili ya ng'ombe yaliyotundikwa na maini kwenye sinia. Na katikati ya hivyo vyote akarudi Baba, amenyooka, amekaza midomo kama anavyofanya akikata mfupa, lakini macho yanacheka. Kofia imeenda upande, ni kweli. Mama, nimeishi na Baba maisha yangu yote na sina picha yake hata moja akiwa na uso ule. Nilikaa kitandani nikalia. Baadaye kilio kikaisha, hasira ikabaki, na ipo mpaka sasa ninapoandika.

Kwa sababu hayo si yote. Katika simu ileile Baba aliniambia Jumamosi hii inayokuja hatakuwepo, umemtuma aende Mitunguu kwa yule mtu mwenye migomba, akaangalie mafahali. Alifurahi kwenda. Akasema wageni watakuja wiki itakayofuata na yeye atakuwa amerudi. Na wewe kwenye ujumbe wako ulisema wageni ni Jumamosi, na kwamba Mjomba Ramadhani atakuja kutoka dukani kwake Embu kukaa na wanaume. Nikaweka hili kando ya lile. Hata kama kichwa changu kimegandishwa na baridi ya huku, hilo nimelielewa. Mmemwondoa kwenye picha, sasa mnamwondoa nyumbani.

Mama, nakuheshimu, na unajua sijawahi kukuinulia sauti. Kwa hili nakukatalia.

Najua ulikotoka. Umetusimulia mwenyewe, jikoni, mara nyingi tu, jinsi ndugu zako walivyokucheka ulipokubali posa ya mchinjaji. Wakasema utalala na harufu ya mafuta. Shangazi yako akakataa kukaa kwenye kiti chetu mpaka atandikiwe leso. Uliumia, na uliumia ukiwa peke yako, ugenini, na hukutaka Rehema ayapitie hayo. Naelewa kabisa. Lakini dawa ya watu waliokudharau haiwezi kuwa wewe kuwasaidia kazi. Walimcheka Baba, leo wewe unamficha. Nani kati yenu amemwondoa zaidi?

Tena mnamficha nani? Mzee Salim, ambaye mtu akishuka stendi ya Meru akamtaja, dereva wa tuk-tuk hata haulizi mtaa, anaondoka tu. Embu iko hapo, mtu anakunywa chai kwake asubuhi na anakula chakula cha mchana kwetu. Mnafikiri hawa watu hawatauliza? Wenyewe ni wenye duka la vitambaa, wanaishi kwa kuuliza. Watajua kabla sahani hazijaoshwa, na wakijua hawatasema Salim ni mchinjaji. Watasema Salim anafichwa na mkewe.

Na nikuulize lingine, la dini. Siku ya nikahi shekhe atataka walii wa kumwoza. Mjomba ni ndugu yako wewe, hawezi kuwa walii wa Rehema na baba mzazi yuko hai, anatembea, ana akili zake. Hapo mtafanyaje? Mtamtafutia mafahali wengine Mitunguu?

Nitajie harusi ya pale mjini ambayo Baba hakuifanyia kazi. Si za Waislamu peke yao. Wakristo wakiwa na harusi wanamfuata yeye wamchinjie, ili mgeni yeyote atakayeingia aweze kula bila kuuliza. Nilikuwa nikienda naye nikiwa mdogo, mpaka Nkubu, mpaka Runyenjes. Tunafika kabla ya watu kuamka, anachinja, anachuna, anakata, na muziki ukianza yeye yuko nyuma ya nyumba anaosha visu. Mabwana harusi wote wale wanakula nyama iliyopita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita mbele apigwe picha. Hakulalamika. Alisema kazi yake ni watu washibe. Basi huko kwa watu akae nyuma, ni kazi. Nyumbani kwake, kwa binti yake, kaja mwenyewe kusimama, na sisi ndio tumemrudisha nyuma ya nyumba.

Na mimi je? Shangazi aliniambia kwamba huko mtaani unasema ninafanya kazi kwenye ofisi ya vyakula. Ofisi gani, Mama? Ninavaa gamboti nyeupe na helmeti, na mkono wa kushoto nina glavu ya chuma iliyofumwa ili kisu kikiteleza kisinichukue vidole. Nakata nyama. Ndiyo iliyojenga choo kipya, na ndiyo iliyokupeleka kwa daktari wa goti. Chumba chetu tunakaa wanawake wanne kutoka nchi nne, na kila mmoja ana kona yake ya kupigia picha za kwao, mwingine karibu na pazia, mwingine karibu na ua la plastiki, na wote wanatia ukungu nyuma ili vitanda vya ghorofa visionekane. Siwalaumu, kila mtu na wakwe zake. Lakini mimi wiki iliyopita nilimwomba Mama Twaha anipige mlangoni pa kiwanda, nimevaa vyote, na nikamwambia asiweke ukungu hata kidogo. Anayo bahasha ya picha hiyo, imesafishwa kwenye karatasi kabisa. Itundike sebuleni. Usipoitundika nitamwambia Nyanya aitundike, na unajua Nyanya hataki kubishana, anatundika tu.

Sasa nakuja kwenye lile utakalonikasirikia.

Sikutaka kufanya kitu bila Rehema, maana posa ni yake na maisha ni yake. Nikimharibia, mimi niko huku kwenye mashine zangu, yeye ndiye atakayebaki hapo akinyooshewa vidole. Nikamtumia picha bila ukungu nikamuuliza anaonaje. Kumbe alikuwa hajui. Siku ile alikuwa anaangalia simu mbele, hakugeuka, hakujua Baba amesimama nyuma yake akiwa amevaa. Aliponipigia sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema anampenda Idrisa, na kwamba Idrisa anajua kazi ya Baba tangu mwanzo, wenye tatizo ni wazee wake na hasa mama yake. Anaogopa watakataa. Nikamwambia hata mimi naogopa hilo, na kwamba akiniambia niache nitaacha.

Akasema, "Tuma, dada. Nikiolewa kwa ile picha ya kwanza, kila mlango ukigongwa nitaogopa kuwa ni Baba."

Yeye ndiye aliyenipa namba ya mama yake Idrisa. Kwa hiyo ukitafuta mwenye makosa, tuko wawili, na mmoja wetu ndiye bibi harusi.

Niliituma jana. Nikaandika salamu, nikajitambulisha kuwa mimi ni dada yake Rehema niliye nje, nikasema hii ndiyo picha kamili, ile ya mwanzo ilikuwa na kasoro. Zile alama za ujumbe kusomwa zikageuka buluu papo hapo. Akakaa, akakaa, nikaenda kazini, nikakata mabega nikifikiria Embu, mpaka msimamizi akaniuliza kama ninaumwa. Wakati wa chai nikakuta ameleta ujumbe wa sauti. Ana sauti nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Hakusalimia sana. Aliuliza huyu mzee aliye nyuma ni nani, na mbona kwenye picha ya kwanza hakuwepo.

Nilimjibu kwa sauti yangu, nikiwa nimesimama mlangoni pa kiwanda na gamboti zangu, ili asije akasema nilijificha kwenye maandishi. Nikamwambia, "Alikuwepo, Mama. Sisi ndio tuliomfunika. Ni baba yetu, ni mchinjaji, na ndiye mtakayemwomba binti."

Ameusikiliza. Hajajibu mpaka naifunga barua hii. Labda wanashauriana, labda wamekasirika, labda wanatafuta namna ya kusema hapana bila kumuumiza Mjomba Ramadhani wanayefanya naye biashara. Sijui, na sitajifanya kwamba sina wasiwasi. Rehema ananiandikia kila mara kuniuliza kama kuna neno, na sina la kumpa.

Lakini ya kwako nayajua, Mama, na ndiyo ninayokuomba. Usimtume Baba Mitunguu. Mafahali hawaendi popote. Mwambie leo, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, kwamba wageni ni Jumamosi. Akikuuliza mbona siku imebadilika, huna haja ya kumweleza zaidi, si mtu wa kuchimba. Mjomba Ramadhani aje, ni ndugu yetu, akae kama mjomba anavyokaa. Kile kiti kinachotazama mlango ni cha Baba. Wakija, wamkute hapo, na akitaka kuja moja kwa moja kutoka buchani na koti lake la kazi, mwache. Wasipokuja, pikeni pilau hivyo hivyo, mumpakulie yeye wa kwanza. Watakuwa wamemkataa mtu waliyemwona. Hiyo nitaivumilia, na Rehema ameniambia ataivumilia. Lakini wakimkubali binti wa mtu ambaye hayupo, sitakuja kwenye harusi hiyo, na chombo cha harusi sitatuma hata kijiko.

Nisalimie Nyanya, umwambie nimeota naye akinigombeza na nikaamka nikiwa nimefurahi. Msalimie Shangazi, dada yake Baba, kule Runyenjes, na umwambie kofia aliyoshona imefika mpaka Kanada. Mama Kinoti, jirani yetu, mpe mkono wangu, na amwambie mwanawe yule wa bodaboda aendeshe polepole. Mjomba Ramadhani naye msalimie, sina ugomvi naye, alitumwa. Shabani usimsalimie, nitampigia mwenyewe. Rehema mkumbatie, asijue nani amekutuma.

Na Baba mwambie amependeza. Ya kofia mwache ajue kutoka kwangu.

Ni mimi mwanao anayekupenda na anayekukatalia,

Halima binti Salim,
mkata nyama.